Tupeane uzoefu: uliyetoka kwenye gari ya familia iliyochoka ukaenda Crown, Mark X au Mjerumani, ulichaguaje?

#1
Wakuu habari za jumapili. Nina Toyota Carina Ti ya 1999, niko nayo mwaka wa 13 sasa, hii gari ndo imewatoa watoto wangu wote wawili hospitali walipozaliwa na ndo ilimpeleka mzee wangu kijijini safari yake ya mwisho, kwa hiyo siiachi kirahisi. Ila imechoka. Kutu inakula chini ya milango, rejeta nimeziba mara tatu, na nikitoka Mbagala kwenda Tanga kwa wakwe roho inakuwa juu mpaka nifike.

Nimejichanga nina milioni 25, nataka sedani iliyotulia. Ninazoziwaza ni Toyota Crown, Toyota Mark X ile iliyotoka 2009, au Mjerumani, yaani gari ya Kijerumani, wa miaka hiyo hiyo. Tatizo kila ninayemuuliza ananipa majibu ya dalali. Naomba mtu aliyemiliki, aliyetoa hela mfukoni mwake, aniambie alichaguaje na mwaka wa kwanza alikutana na nini. Nyumbani tuko watano, na mama yangu mzazi ana magoti, hilo nalo mlikumbuke.

#2
Mkuu mimi nilitoka kwenye Corolla 110 nikaingia Zero Crown, ile ya 2003 mpaka 2008, yangu ya 2005 injini 4GR V6 cc 2500. Niliinunua 2019 kwa mtu hapa hapa Dar. Nilipoenda kuiangalia nilikuta inaunguruma tayari, ina joto, AC inagonga baridi, nikazunguka nayo mtaa mmoja nikalipa. Wiki ya tatu asubuhi ikiwa imewashwa imesimama tu inatikisika mwili mzima na taa ya cheki injini ikawaka. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi zote sita na koili mbili, hela imeenda, shida iko pale pale. Wa pili akafungua manifodi, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini, akaniita nione mwenyewe, vali za kuingizia hewa zimejaa masizi magumu kama sufuria la kuni. Akanielewesha kwamba hizi injini za D-4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya zile vali, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na mvuke wa oili unagandia pale, na kama mtu alikuwa anamwaga oili siku akikumbuka inakuwa mbaya zaidi. Siku mbili za kusafisha, ikatulia.

Tangu hapo namwaga oili kila kilomita 5,000, giaboksi naweka oili ya Toyota WS tu na sipeleki kwa kila fundi maana haina kile kijiti cha kupimia. Imeenda Mbeya mara nne haijanilaza njiani. Mafuta kwenye foleni ya Mandela napata kilomita 7 kwa lita, barabara kuu 11. Kwa hiyo mkuu ukienda kuangalia Crown nenda alfajiri, mwambie muuzaji asiiwashe, shika boneti iwe ya baridi, washa mwenyewe na uisikilize dakika kumi bila redio.

#3
Nina Mark X 130, hiyo hiyo iliyotoka 2009, naongelea kiti cha nyuma tu. Hizi gari zinasukuma kwa tairi za nyuma, propela inapita katikati, kwa hiyo kati ya miguu ya abiria wa nyuma kuna tuta kubwa na Crown iko hivyo hivyo. Wewe una mama na watoto wawili nyuma, yule wa katikati mpaka Tanga magoti yatakuwa kifuani. Mkaingie wote watano yadi kabla hujalipa.

#4
Mimi nilichukua Mjerumani, jina sitaji maana gari yenyewe haikuwa na kosa, nilikosea mimi na aliyeniuzia. Nilitoka kwenye Noah iliyokuwa imefika mwisho, watoto wamekua wanaenda bweni, nikasema sasa na mimi nipumzike. Ile gari ilikuwa na shokap za hewa. Yadi imekaa juu vizuri, dashibodi haina taa hata moja. Nikalipa ijumaa, jumatatu asubuhi natoka nakuta upande wa kulia mbele umelala chini kama umepigwa. Nikapeleka kwa mtu mwenye mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, akakuta kumbukumbu ya makosa imefutwa siku chache kabla ya mimi kununua, na pampu ya hewa ilikuwa inafanya kazi muda wote kufidia mfuko wa hewa wa shokap unaovuja mpaka yenyewe ikachoka. Mfuko na pampu vikanila karibu robo ya bei ya gari, na hapo nilikuwa nimebakiwa na laki nane benki. Miezi miwili gari imekaa nje mimi napanda daladala, mke wangu hakunisema hata neno na hilo ndo liliniuma zaidi.

Baada ya kutengenezwa sijawahi kuendesha kitu kilichotulia vile, ukiwa mia na ishirini mnaongea kwa sauti ya kawaida. Ninachokuomba mkuu, katika hiyo 25 gari iwe 19 au 20, inayobaki usiiguse, hiyo ni ya mwaka wa kwanza: oili zote, bushi, tairi, betri, bima kubwa. Na mashine ichomekwe MBELE YAKO, ukikuta haina kosa hata moja la zamani kwenye gari ya miaka kumi na tano uliza kwa nini.

#5
Salamu kutoka Mombasa. Huku sheria hairuhusu gari iliyozidi miaka minane kuingia, kwa hiyo nilienda moja kwa moja kwa Crown haibridi ya 2015, inayotumia petroli na umeme, ile ya silinda nne cc 2500. Kitu kiliniokoa ni karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoandika hali ya gari ilipokaguliwa mnadani. Ya kwanza niliyoipenda muuzaji aliandika safi kabisa, nikaitisha karatasi, nikapata gredi ni R, maana yake iligongwa ikatengenezwa. Niliyochukua ilikuwa 4 yenye A1 kwa mlango, huo ni mkwaruzo mdogo. U ni bonde, W ni mahali palinyooshwa na kupakwa rangi. Jifunzeni hizo herufi.

Kwa haibridi, betri kubwa iko nyuma ya kiti na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Usizibe ile njia ya hewa kwa mizigo wala mto wa mtoto, na feni isafishwe vumbi. Pia redio ya Japani inaishia FM 90, tafuta fundi wa redio mapema.

#6
Kaka mimi nataka nimuongelee mama. Tulipobadilisha gari mume wangu alikuwa ameshaamua Crown, tukampitia mama mkwe tukaenda naye. Mwaka ule alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kukaa alikaa vizuri akasifia, lakini kutoka alishindwa, kiti kiko chini na mlango una kizingiti kirefu, ikabidi tumvute wawili na nikaona uso wake umebadilika maana hapendi kuonekana mzigo. Tukarudi nyumbani hatukununua siku ile. Baadae tuliichukua ila anakaa mbele, kiti cha umeme kinapandishwa juu kabisa na kurudishwa nyuma, anageuka miguu yote nje ndo anasimama. Mpeleke mama yako, umuache atoke mwenyewe bila kumshika.

#7
Kama unaagiza, piga hesabu ya kodi kabla hujapenda picha. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa 5% kwa cc 1001 mpaka 2000 na 10% ukizidi hapo. Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa umri wa gari, miaka 8 mpaka 10 ni 15%, zaidi ya 10 ni 30%. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko mtandaoni, weka mwaka wenyewe na modeli yenyewe.

#8
Wakuu asanteni sana, nimesoma yote nikiwa na mama hapa sebuleni nikamsomea ile #6, akaniambia huyo dada Mungu ambariki. Mjerumani nimemuweka pembeni, siyo kwa ubaya, ni kwamba akiba ya kumuuguza sina. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi naenda kuangalia Crown ya 2009 Tabata, nimeshamwambia mwenye nayo asiiwashe, na tutaenda wote watano na Carina. Mwenye fundi wa uhakika mwenye mashine maeneo ya Ilala au Buguruni naomba anicheki PM kabla ya ijumaa.