Mbona mtu ni "governor" lakini uchaguzi wake ni "gubernatorial"?

Mzazi Kondele: Habari zenu wadau. Hii kitu inanisumbua tangu 2013 tulipochagua magavana mara ya kwanza, kila redio ni "gubernatorial race", sasa hiyo b imetoka wapi na mtu mwenyewe ni governor? Jana binti yangu wa gredi ya nane kaniuliza, nikakosa jibu. Nisaidieni jameni, sitaki kumdanganya mtoto.

Teacha Njoro: Mwambie hayo maneno ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni Kilatini, gubernare, yaani kuendesha chombo majini, na aliyeshika usukani aliitwa gubernator (Warumi nao walikopa kwa Wagiriki). Sasa hilo neno likapitia Ufaransa kwanza, huko b ikalainika ikawa v, Waingereza wakalipokea hivyo hivyo. Ile "gubernatorial" ilikuja baadaye sana, karne ya 18, wasomi waliitoa kwa Kilatini moja kwa moja bila kupitia kwa Wafaransa, ndio maana b yake iko mpaka leo.

Mtoto wa Dunga: Hapo kwa usukani umenigusa mwalimu. Baba yangu alikuwa mvuvi hapa Dunga na nilipanda naye boti ya tanga nikiwa mdogo, yule wa nyuma anabana kasia kwa kwapa, hashiki nyavu, haongei sana, macho ni kwa upepo na wimbi tu, akizubaa kidogo boti inageuka ubavu mnaingia maji wote, hata wale waliokuwa wanafanya kazi vizuri. Na si hata sisi husema fulani ameshika usukani wa kaunti? Kumbe ni maana ile ile kabisa!

Kakamega Town: Na seneta je?

Teacha Njoro: Hiyo pia Kilatini. Senex ni mzee, senatus ni baraza la wazee.

Mzazi Kondele: Asanteni sana, mbarikiwe. Nimemsomea yote akaandika kwa daftari, ila hilo kasia la kubana kwa kwapa hajaelewa. Ndugu wa Dunga, nikimleta Jumamosi ataliona?

Mtoto wa Dunga: Mlete mapema, boti zikiwa zinarudi. Nitaomba mzee mmoja amwachie alishike kidogo hapo karibu na ufuo.