Kwenda Bagamoyo na bibi wa wilchea: Coaster moja, au Hiace na Noah?

Mjukuu_Mbagala: Wakuu, tuko 13 bila madereva. Bibi yuko kwenye wilchea, babu anatembelea mkongojo, watoto wanne. Tukodi gari gani?

Fundi_Safari: Hiace na Noah. Mlango wa Coaster ni mwembamba na una ngazi; bibi atabebwa mzobemzobe, na kumnyanyua kwa makwapa ndiko kunakoumiza mabega. Noah iko chini, akae mbele. Rudisha kiti nyuma hadi mwisho, laza mgongo kidogo. Wilchea ikae mshazari pembeni ya kiti, funga breki zote mbili, toa kikanyagio cha upande wa gari. Atangulize makalio, ndipo miguu izungushwe. Mfuko wa plastiki juu ya kiti unamsaidia kuteleza, ila utoeni kabla ya kuondoka, la sivyo breki moja tu anaserereka.

Mama_Tegeta: Pimeni wilchea ikiwa imekunjwa kabla ya kutoa advansi! Viti vya mwisho vya Noah vikisimama, buti hamna. Vikunjeni, mhesabu abiria wanne, waliobaki Hiace.

Fundi_Safari: Sahihi. Na wamiliki watasema "inatosha tu".

Nesi_Kinondoni: Ondokeni saa 12 asubuhi, foleni ya Mwenge hadi Tegeta isiwakute. Msimnyime bibi maji kwa kuogopa choo; ulizeni mapema wapi kuna choo cha kukaa. Kama anatumia dawa ya kukojosha, daktari wake aseme aimeze saa ngapi siku hiyo. Ufukweni magurudumu madogo ya mbele yanazama mchangani: mvuteni kinyumenyume.