Wajumbe wa baraza la chuo wanapewa makabrasha mlangoni: tuwasaidieje?

Katibu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Wakubwa zangu na wenzangu, tangu Januari mimi ni katibu wa baraza la uongozi la chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Wajumbe ni tisa: promota (mwanzilishi na mwenye chuo), mke wake, mdogo wake, pasta, wafanyabiashara wawili, wakili, daktari na mwakilishi wa walimu. Katika kikao kilichopita walikabidhiwa mlangoni kabrasha la kurasa sitini lenye bajeti ya mwaka mzima, na kabla soda hazijaisha chupani bajeti ilikuwa imepita. Daktari alinirudishia bahasha yake ikiwa bado imefungwa kwa gundi. Nawafahamu, si watu wazembe. Je, wanahitaji semina, au kasoro iko kwetu tunaowaandalia kazi?

Mwalimu Mstaafu (Lubumbashi)

Mwanangu, semina peke yake haitakufikisha mbali, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuona baraza likifanya kazi karibu nasi. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi viliunganishwa kuwa chuo kimoja, UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), na kilipovunjwa mwaka 1981 vyuo vikuu vya serikali viliwekwa chini ya baraza moja la utawala lililokaa Kinshasa. Huku chini tulimwona rekta, yaani mkuu wa chuo kikuu, na komite yake ya uongozi tu. Baraza lilikuwa jina kwenye barua. Ndiyo maana mtu akiteuliwa leo hudhani amepewa heshima, naye huvaa suti na kuja kupiga makofi.

Waeleze kwanza kazi yao ni ipi: kumchagua mkuu wa chuo na kumpima, kupitisha bajeti na kufuatilia matumizi yake, kulinda mali ya chuo na thamani ya diploma zake. Kisha waeleze kisicho kazi yao. Mjumbe anayempigia simu karani wa mitihani kuuliza kwa nini mtoto wa shangazi amefeli anakibomoa chuo, hata kama ana nia njema.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Namuunga mkono Mwalimu Mstaafu, ila mimi ningeanzia kwenye karatasi. Niliwahi kushika kazi kama yako, dada. Tulipeleka makabrasha siku kumi kabla ya kikao, na kila jambo lilitanguliwa na ukurasa mmoja tu: tunaombwa kuamua nini, kitagharimu kiasi gani, ni njia gani nyingine iliyofikiriwa, na nini kinaweza kuharibika. Mara ya kwanza watu wawili tu walisoma. Mara ya tatu yule mfanyabiashara aliyekuwa akisinzia aliuliza kwa nini mafuta ya jenereta yanapanda wakati wanafunzi wamepungua, na siku hiyo hakuna aliyesinzia tena.

Tena, zabuni ikimhusu ndugu wa mjumbe, mjumbe huyo atoke nje, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Promota wa Ruashi (Lubumbashi)

Niruhusuni niseme wazi. Niliuza kiwanja ili nijenge madarasa, nikalipa walimu kwa mfuko wangu miaka miwili. Leo mnataka watu ambao hawakuweka hata tofali moja wanihoji?

Mhasibu wa Goma

Mzee wetu, jasho lako hakuna anayelidharau, na kiti chako barazani ni haki yako. Lakini tangu siku ulipoanza kupokea minervali (ada ya masomo), fedha iliyo kwenye sanduku si yako peke yako: mzazi ameuza mbuzi akitegemea kwamba mwanawe atapata diploma inayotambuliwa. Ukiugua kesho, ni nani atakayejua deni la walimu ni kiasi gani? Baraza lisilo na hofu ya kukuuliza linakulinda wewe kwanza.

Kwa dada katibu: omba kamati ndogo ya hesabu yenye watu watatu wasio wa familia, ikutane wiki moja kabla ya kikao. Wape jedwali lenye mistari minne tu: minervali iliyotarajiwa, iliyoingia, mishahara iliyolipwa, mishahara inayodaiwa. Mstari wa nne ndio wanaouficha wengi, kwa hiyo usikubali uondolewe.

Katibu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Asanteni sana. Wakili na daktari wamekubali kuingia katika kamati ya hesabu. Wa tatu namtafuta bado. Ukurasa wa mbele nimeuandika jana kuhusu ununuzi wa kompyuta, na promota wetu mwenyewe aliuliza ni nani aliyepanga bei ile. Limebaki swali moja: mwakilishi wa walimu akae ndani tunapojadili mishahara?

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Akae wakati wa kueleza hali ya wenzake na kujibu maswali. Kura ikifika, atoke, na saa uiandike.