Tupeane uzoefu: Maneno tunayosikia kila siku kuhusu Wasomali wa Nairobi

Binti Isiolo

Ndugu zangu, jana nilikuwa ndani ya matatu, redio ikipokea simu za wasikilizaji kuhusu kupanda kwa kodi za nyumba. Mpigaji wa kwanza alisema kwamba nyumba zimekuwa ghali kwa sababu ya Wasomali na fedha zao za uharamia. Mtangazaji alicheka, abiria wawili wakaitikia, kisha macho yote yakanigeukia mimi niliyevaa hijabu, kana kwamba nilikuwa nadaiwa jibu. Babu yangu alipewa makazi Isiolo baada ya kulitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kama walivyopewa askari wengine wengi wa Kisomali. Ningependa kusikia kutoka kwenu: mmesikia maneno gani, na mlifanya nini?

Msafiri wa Thika Road

Ni kweli kabisa, dada. Mimi ni Mkikuyu na maneno hayo huyasikia kila wiki, kwa kuwa msemaji hudhani kwamba sote ndani ya gari tunakubaliana naye.

Mzee wa Wajir

Binti yangu, jambo hili lina umri mrefu. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wahakikiwe uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Kwa hiyo mtu anapokuuliza sokoni kama una kipande, yaani kitambulisho, anaendeleza desturi aliyofundishwa na ofisi.

Raia Mtulivu

Naomba nisieleweke vibaya, lakini hofu ya wananchi haikuzuka hewani. Watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Mkitaka watu waache kusema, nanyi wafichueni wahalifu walio kati yenu.

Mwalimu wa Mandera

Ndugu Raia Mtulivu, hilo neno «nanyi» ndilo linaloumiza. Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na Al-Shabaab, wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawafunika Wakristo kwa hijabu zao. Mwalimu mwenzetu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Ungemdai nini zaidi ya hapo?

Raia Mtulivu

Simjadili marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimezungumzia usalama kwa jumla.

Mama Ifrah

Acheni niseme lililonikaa moyoni tangu Novemba 2012, matatu ilipolipuliwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi. Siku iliyofuata vijana walianza kurusha mawe kwenye nyumba na maduka ya Wasomali. Sisi tulikuwa ndani ya duka la nguo la mama yangu. Tukashusha mlango wa chuma, tukazima taa, tukajibanza nyuma ya marobota ya vitambaa, mdogo wangu akiwa ameng'ata ncha ya buibui ya mama ili asilie kwa sauti. Mawe niliweza kuyavumilia, lakini sauti nilizitambua. Mmoja wa waliokuwa wakipaza sauti kwamba turudi Somalia alikuwa kijana wa mkokoteni aliyetubebea mizigo kila asubuhi, ambaye mimi mwenyewe nilimwandikia barua ya kuomba kazi. Mama alisogea mlangoni, akamwita kwa jina lake, akamwambia, «Mwanangu, ni mimi.» Pakawa kimya kidogo, kisha jiwe likagonga bati mbele ya uso wake. Aliyetuokoa ni muuza mboga wa Kikamba aliyekuwa na kibanda nyuma ya duka: alitutoa kwa mlango wa uani mmoja mmoja, akatufunga leso zake kichwani, akatulaza kwake hadi alfajiri.

Msafiri wa Thika Road

Mama Ifrah, nimesoma nikiwa kazini na nimeshindwa kuendelea. Yule kijana alirudi?

Mama Ifrah

Alirudi baada ya wiki chache kuulizia mizigo, na mama akampa. Mimi simsalimu hadi leo.

Shangazi Pwani

Mama yako ana moyo mkubwa, lakini usilazimishwe kumwiga. Hata kwa yule wa kwenye matatu, mjibu papo hapo mbele ya watu.

Mwana wa Pangani

Kujibu ndani ya gari ni hatari, shangazi. Nyamaza, andika namba ya gari na jina la kituo cha redio, kisha upeleke malalamiko rasmi.

Muuza Sambusa

Mimi humpa sambusa ya moto, kwani mdomo uliojaa hauwezi kutukana. Wawili waliokuwa wakinitukana sasa ni wateja wangu.

Mkimbizi wa Dadaab

Nimewasoma kwa heshima, lakini nina neno. Wengi wenu mnajitetea kwa kusema kwamba ninyi ni raia, babu zenu walizaliwa hapa. Mimi nilizaliwa kambini, katika kambi za Dadaab zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991, na sina babu wa Isiolo. Mwaka 2014, wakati wa msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Wenye vitambulisho waliachiwa, nasi tukasikia majirani wakisema kwamba waliobaki ndio wahalifu wenyewe. Je, ningekuwa raia ndipo lile la uharamia lingekuwa uongo?

Binti Isiolo

Kaka, nilimtaja babu kwa sababu ndicho ninachoulizwa kila siku, si kwa kukutenga. Uongo ni uongo, hata aliyesingiziwa awe na kadi ya ukimbizi.

Mwana Kigoma

Huku kwetu Tanzania, Muha akizungumza Kiha mjini huulizwa alivuka mpaka lini kutoka Burundi. Nawaelewa.

Mzee wa Wajir

Mwanangu wa Dadaab amesema haki, na wapo pia Wakenya waliojiandikisha kambini wakati wa ukame ili wapate chakula, ambao hadi leo hunyimwa vitambulisho kwa kuwa alama za vidole vyao zimo kwenye orodha ya wakimbizi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa jamii za mpakani. Aliyeomba kitambulisho baada ya hapo, hasa Garissa na Mandera, atueleze kama bado aliitwa mbele ya kamati ya wazee ya uhakiki, na aliulizwa nini.