Hoteli za steki na bia inayopikwa papo hapo Mombasa: mlioingia, tupeane uzoefu

MwanaTudor
Habari zenu nyote. Jumamosi nilimtoa mamangu. Malimbikizo ya mshahara yalikuwa yameingia, nikasema leo hatusimami kwa muuza viazi vya karai, leo twavuka daraja la Nyali tukakae kwa meza yenye kitambaa, pale penye steki na matangi ya bia nyuma ya kioo. Jina la mahali silitaji.

Mama ni mtu wa Kaloleni, ana miaka 72, babake alikuwa mgema. Akaletewa menyu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti: gramu 250, gramu 300, gramu 500. Akaniuliza, "Kwani hapa ni kwa sonara?"

Mhudumu akataka kujua nyama iive vipi. Mama akamjibu, "Iive." Kijana akarudia kwa upole, iive kiasi gani? "Mwanangu, nyama ina kuiva mara ngapi?" Mimi nikajitia ujuzi, nikasema tuletee zote mbili za kati. Zikaja juu ya vibao, zimechorwa mistari ya wavu, harufu yakuita kwa jina. Mama akakata. Maji mekundu yakatambaa mpaka kwenye mbatata. Akaweka uma chini polepole, akaniangalia: "Huyu ng'ombe hajapata habari kwamba amechinjwa."

Tukazirudisha jikoni. Zilipotoka mara ya pili ungeweza kutilia ndara kiraka. Nilitafuna mpaka masikio yakauma, mama akala mbatata na kachumbari. Bili shilingi 7,150.

Habari ya bia nitaileta baadaye, hiyo ni kesi nyingine. Nyinyi je, mlikula nini na mlitoka vipi?

MezaYaNne
Kaka pole, lakini nimecheka peke yangu ndani ya matatu mpaka makanga akaniuliza kama niko sawa. Mimi ni mhudumu, mwaka wa kumi na moja huu kwenye hoteli za nyama, na hadithi yako naiona kila mwisho wa mwezi.

Kwanza, ile si damu. Damu iliachwa machinjioni. Yale ni maji ya nyama yenyewe, yana protini iitwayo myoglobini, ndiyo inayoipa nyama wekundu wake. Pili, mwenye makosa ni aliyeipokea ile nyama akairudisha motoni bila kukueleza. Ya kati hutolewa ndani yake ikiwa kama nyuzi 60. Ikishapita 70 maji yamekimbia, na hakuna mpishi wa kuyarudisha. Mteja akitaka iliyoiva kabisa, mimi humwambia achukue kipande chembamba, au mbavu zilizokaa kwenye moto mdogo saa nyingi. Sarara nene ukiikausha, umetupa pesa.

Tatu, gramu 300 za kwenye menyu ni za nyama mbichi. Moto ukishachukua chake, robo hivi imekwenda. Kuna watu huja na mizani ya macho wakadai wameibiwa.

Lakini liko jambo moja ambalo sisi wa pwani hatuambiwi. Tumezoea nyama ya leo leo. Kwa bucha swali la kwanza ni, imechinjwa asubuhi? Tukiambiwa ndiyo twafurahi, halafu twaenda nyumbani kuisugua papai bichi ndipo iingie kwenye vijiti vya mishkaki, au twaichemsha saa mbili. Ya steki ni kinyume. Hiyo imekaa kwenye baridi, nyuzi moja au mbili juu ya sifuri, siku 14 mpaka 21, na vimeng'enya vyake vyenyewe vimefanya ile kazi ya papai lako. Ndiyo maana yapita motoni dakika chache tu na kisu chaingia. Sasa mama wa miaka 72 ukimwambia nyama hii ina wiki tatu, atainuka aondoke. Kwa hivyo hatusemi.

Na mkiona tumechelewa ilhali moshi umeshakwisha, twaipumzisha dakika tano maji yatulie ndani. Si uvivu. (Mara nyingine ni uvivu.)

BintiKibokoni
Mie siendi pa bia, lakini kazini kulikuwa na karamu ya kumuaga mwenzetu na mahali walichagua wao. Nikajiambia nitakula nyama, nitakunywa maji ya ndimu, basi. Mhudumu akaniapia kwamba ng'ombe wao amechinjwa na Muislamu. Nikatulia.

Sahani ikaja na mchuzi mweusi umemwagiwa juu. Moyo ukanambia uliza. Wa pilipili manga: una brandi. Wa uyoga: una divai. Ule wa kupaka mbavu umetiwa bia yao wenyewe, tena menyu yajisifu kwa hilo. Nikatupa jicho jikoni, maana pako wazi, nikaona kwenye wavu uleule mbavu za nguruwe za meza ya pili. Yule kijana hakunidanganya. Niliuliza habari ya kisu, sikuuliza habari ya sufuria. Na msiniambie ati kileo chote huisha motoni, hakiishi chote.

Usiku ule nililala na chipsi na saladi. Siku hizi nikialikwa napiga simu mchana wake, naulizia mchuzi, wavu na mafuta ya kukaangia. Mahali pamoja wamewahi kuniwekea kikaango changu pembeni bila maneno, na sarara ya siku ile sijapata kuila mfano wake. Mahali pengine wakasema "hakuna shida" haraka mno, nikajua shida ipo, sikwenda.

Mtu_wa_Bara
Sasa dada uliingia mahali pa kupika bia ukitarajia msikiti?

BintiKibokoni
Nilitarajia chakula cha jioni na kumuaga mtu niliyefanya naye kazi miaka tisa. Wewe ukialikwa harusi Kibokoni huja na chupa?

BahariaMstaafu
Muacheni binti wa watu. Natia neno kuhusu bia, kwa sababu nyama imeshapata wakili wake.

Nimekuwa melini miaka 23, sasa niko Likoni nalea wajukuu. Mara ya kwanza kuona bia ikipikwa mbele ya walaji ilikuwa Hamburg. Masufuria ya shaba makubwa kama matangi ya maji ya msikiti, na watu wamekaa kando yake wanakula. Mpishi wa bia aliniona nashangaa, akanipa kikombe cha maji ya kimea kabla hayajatiwa hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia. Matamu! Kama uji mwepesi uliotiwa sukari guru. Nikamuuliza, ulevi uko wapi hapa? Akacheka, akasema huo ni wa hamira, bado haijafika kazini.

Kazi yenyewe ni hivi. Shayiri huloweshwa iote, ikaushwe, isagwe, hicho ndicho kimea. Chalowekwa kwenye maji ya moto, nyuzi 65 hivi, kama saa moja, wanga ugeuke sukari. Maji yachujwa, yachemshwa na hopsi zitie uchungu, yapozwa, ndipo hamira yaingia na kuila ile sukari. Wajerumani wajivunia sheria ya Bavaria ya 1516 iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji, basi. Hamira haikuandikwa, kwa sababu enzi hizo hakuna aliyejua kwamba kuna kiumbe hai mle ndani.

Sasa njoo kwetu. Adui wa bia Mombasa ni joto. Bia zina koo mbili kubwa, ale na lager. Hamira ya ale yapenda nyuzi 18 mpaka 22 hivi, ya lager yataka baridi zaidi, 8 mpaka 13. Hapa Januari mchana wapata 32 ukiwa kivulini. Kwa hivyo tangi lavalishwa koti la maji baridi usiku na mchana, na stima ikipotea jenereta lazima iamke papo hapo. Kuna mahali nilikwenda, jenereta ilikuwa imegoma tangu juzi yake. Glasi ikafika yanuka ndizi mbivu na nyuma yake kitu kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hapo hamira ilifanya kazi kwenye joto ikakasirika. Niliirudisha, wakanibadilishia bila ugomvi, lakini meza ya jirani walikuwa wanaimaliza kwa adabu tu, wanakunja nyuso.

Ukungu ndani ya glasi usikutishe, nyingi hazichujwi. Na usirukie glasi kubwa. Omba kionjo, au ile mbao yenye glasi ndogo nne. Ya shayiri iliyochomwa nyeusi ndiyo yaenda na steki. Ile chungu kupita kiasi waachieni vijana wenye ndevu.

KuliKilindini
Mie ni mahesabu tu. Tulikuwa sita, bili ikaja na mbavu za meza nyingine na bia mbili za marehemu sijui nani. Soma bili mstari kwa mstari hata kama mgeni wako yuko hapo. VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2 mara nyingi ziko ndani ya bei tayari, tazama maandishi madogo chini ya menyu. Wakishakukata asilimia ya huduma, bakshishi ni hiari. Gari tuliliacha nyumbani, maana ile mashine ya polisi ya kupima kileo ikipita miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi, asubuhi wakukuta kortini. Tuktuk ni rahisi kuliko wakili.

MwanaTudor
Asanteni. Baharia, ungekuwepo. Mama aliletewa kionjo cha ile ya rangi ya dhahabu. Hakuinywa. Aliinusa, akaiinua kwenye taa, akamuuliza kijana, "Hii imegemwa lini?" Kijana akajibu, wiki tatu zilizopita, mama. Akamtazama kwa huruma. Kwao mnazi wa alfajiri ni mtamu, wa jioni ni mkali, ukilala zaidi umeanza safari ya kuwa siki. Akaonja kidogo. Akanyamaza. Akaonja tena, akafuta mdomo kwa pembe ya leso: "Huyu mgema wenu, inaonekana hajasifiwa bado. Hajatia maji." Akamaliza glasi, akaomba ile kubwa.

MezaYaNne, nimeshindwa kukusikiliza. Leo nimempigia simu nikamweleza kwamba hata nyama huwekwa siku 21. Kimya kirefu. Nikadhani salio limekwisha.

"Bia wiki tatu, nyama wiki tatu," akasema. "Na ile mbatata niliyokula mimi?"