MJADALA: Gazeti la hi-fi litupe vipimo au lituhadithie masikio ya mwandishi?

Wakuu, hili swali wapenda hi-fi (vifaa vya mziki vya sauti safi) wamegombana nalo miaka na miaka. Gazeti la spika na amplifaya kazi yake nini hasa, kutuelezea mwandishi alivyojisikia akiusikiliza mziki au kutuwekea vipimo vya maabara? Mi msimamo wangu nausema mapema: vipimo lazima viwepo, na rivyu isiyo na vipimo siilipii hata shilingi.

Ila tuwatendee haki watu wa masikio, maana hawakuanza kwa nia mbaya. Kule Marekani J. Gordon Holt alikua anafanya kazi gazeti la High Fidelity, akachoka kuona watangazaji wa biashara wanavyoogopwa, akatoka akaanzisha Stereophile mwaka 1962, wazo lake likiwa kifaa kikilia vibaya andika kimelia vibaya hata kama kwenye mashine kinaonekana kizuri. 1973 akaja Harry Pearson na The Absolute Sound, yeye mizani yake ilikua mziki wa ala halisi ukipigwa ukumbini bila spika. Hawa watu walikua na ujasiri na nawaheshimu. Shida ni walivyofuata wengine, ikawa kila toleo sauti ina "joto", ina "hewa", ina "jukwaa pana", halafu geuza ukurasa unakuta tangazo la kampuni hiyohiyo.

Na masikio yanadanganyika jamani, ya kila mtu, yangu na yako, ukishaona jina na bei ya kifaa basi umeshaanza kusikia kwa macho. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, jaribio lao, walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD wakazipitisha kwenye mashine inayozishusha mpaka kiwango cha kawaida cha CD, biti 16 na 44.1 kHz, msikilizaji hajui saa hizi anasikia ipi. Majaribio 554, majibu sahihi ni asilimia 49.8, yaani sawa na kubahatisha. Mwaka huohuo Holt mwenyewe alipohojiwa na Stereophile, gazeti alilolianzisha kwa mikono yake, akasema hi-fi ya bei kubwa ilijivunjia heshima miaka ya 80 ilipokataa majaribio ya namna hii. Mwanzilishi wa rivyu za masikio ndo anasema hayo!

Alafu tukumbuke 2022, kampuni ya santuri za bei mbaya ya Marekani, Mobile Fidelity, ikakubali kwamba tangu 2011 ilikua inapitisha kopi ya kidijitali katikati ya kutengeneza santuri ambazo wateja waliamini ni analogi tupu, yaani sauti haijapitia kompyuta popote. Miaka kumi na kitu! Watu waliokua wanaapa dijitali inaua mziki na wanaisikia mara moja, walikua wanazisifia hizohizo santuri. Sisemi santuri zilikua mbaya, zililia vizuri sana, nasema kama masikio peke yake yangetosha kulinda hela ya msomaji basi mtu angeshtuka mapema.

Najua jibu litakalokuja, kwamba grafu haiimbi. Sawa, lakini someni kazi ya Floyd Toole, mtafiti wa sauti, aliyoianzia maabara za NRC, baraza la utafiti la taifa la Kanada, kule Ottawa. Aliwaweka watu wasikilize spika zilizofichwa nyuma ya pazia, wakawa wanachagua kwa kiasi kikubwa zilezile, spika ambazo mbele ziko sawa kuanzia besi mpaka trebo na pembeni sauti inapungua taratibu bila mabonde. Kwa hiyo kipimo kizuri kinakwambia masikio yatapenda nini. John Atkinson, aliyekua mhariri pale Stereophile, alishalijua hili, tangu mwishoni mwa miaka ya 80 wanaweka rivyu na vipimo pamoja, na saa nyingine mwandishi kasifia na vipimo vinamkatalia, vyote vinachapwa. Hilo ndo gazeti ninalolitaka mimi. Rivyu bila vipimo ni fundi anayekushonea suti kwa kukuangalia tu.

Kwetu huku hii ishu ni nzito zaidi. Aliyeko London anaenda dukani anakaa kwenye kochi anasikiliza spika tatu anachagua. Wewe uko Mtwara au Kigoma, unaagiza kwa kusoma, mzigo ukifika ndo umefika, na nyumbani una amplifaya used ya Mjapani ya wati 40. Spika imeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ukishuka amplifaya inabeba mzigo mkubwa) kumbe kwenye besi inashuka mpaka omu 3, amplifaya inachemka inazima, unampelekea fundi bure. Au sensitiviti, yaani sauti spika inayotoa kwa umeme uleule, ni desibeli 84 badala ya 90, hizo desibeli 6 maana yake unahitaji wati mara nne kupata sauti ileile. Sentensi nzuri kuhusu "roho ya mziki" haiwezi kukuambia hayo, mstari mmoja wa grafu unakuambia.

Kwa hiyo mi nataka gazeti liniambie impidansi (hizo omu) inashuka mpaka wapi, sensitiviti waliyopima wenyewe na sio ya kwenye boksi, chumba walichosikilizia kina ukubwa gani, kifaa walipewa au walinunua, na mwenye kampuni anatangaza kwao au hatangazi. Baada ya hapo mwandishi aniambie alivyojisikia, nitamsoma kwa hamu kabisa.

Wa upande wa masikio karibuni, ila mnijibu hili moja: huyo wa Mtwara atajuaje kama amplifaya yake ya wati 40 itaibeba hiyo spika kabla hajatuma hela?