Mrejesho: utambulisho wa mwandishi wa ridhaa

Wakuu, niliomba msaada wa kupunguza utambulisho wangu wa mwandishi wa ridhaa, ukurasa mzima kuanzia kuzaliwa hadi shule. Asanteni sana, umekaa sawa isipokuwa sehemu moja.

Kilichosaidia zaidi ni kuanza na ninachoandika: "Huandika hadithi fupi za watu wanaofanya kazi usiku." Kuzaliwa na shule nimevitoa, havimwambii msomaji atakuta nini. "Napenda kusoma na kusafiri" nayo imeondoka (nani asiyeandika hivyo?), pakaingia sentensi kuhusu daftari langu la mazungumzo ninayoyasikia kwenye basi. Sasa kuna matoleo mawili: maneno 50 kwa nafsi ya tatu, ya kuwekwa chini ya hadithi, na maneno 150 kwa nafsi ya kwanza.

Kilichogoma ni sehemu ya waandishi walionivutia. Mlishauri nitaje jambo moja nililojifunza kwa kila mmoja badala ya orodha ya majina. Kwenye maneno 150 imekubali. Kwenye 50 inakula nusu ya nafasi, nikaifuta.

Aliyesema nisome kwa sauti, ubarikiwe. Sentensi yenye "ambaye" mbili ilikata pumzi, nimeigawa.